Viungo vya tovuti havimwagwi ovyo



Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, mpwa wangu alipigiwa simu kutoka Zanzibar. Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu. Kazi yake ni kuwatembeza wageni Mji wa Kale: wanaanzia Fort Jesus, wanapita Ndia Kuu, wanateremka mpaka bandari ya kale na kurudi kwa uchochoro wa Msikiti wa Mandhry. Ana tovuti yake ndogo, na nambari ya simu ameiweka juu kabisa. Aliposikia lafudhi ya Unguja alifurahi, akadhani amepata mteja.

Hakuwa mteja. Alikuwa mzee mwenye blogu. Mzee yule alikuwa ameandika tanzia ya ndugu yake aliyefariki, na watu walikuwa chini yake wanampa pole na kumuombea maiti. Katikati ya dua zile kukatokea maneno haya: "Makala nzuri sana! Kwa ziara bora za Mji wa Kale Mombasa kwa bei nafuu bonyeza hapa." Ukibonyeza, unatua kwenye tovuti ya mpwa wangu.

Mpwa wangu hakuyaandika maneno yale. Alikuwa amemlipa mtu aliyejiita mtaalamu wa mtandao Sh15,000 amletee "viungo elfu moja" ili tovuti yake ipande kwenye Google. Mtaalamu akaifanya kazi yake kwa mashine, na mashine haijui tanzia wala harusi.

Kijana alikuja kwangu Kibokoni baada ya Isha, uso umemshuka. "Mjomba," akaniambia, "nimeaibika mbele ya mtu nisiyemjua."

Makala haya yametokana na usiku ule. Mimi si mhandisi wa kompyuta. Nina diploma ya uandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa nimesimamia tovuti za watu na yangu mwenyewe. Nimekosea mara nyingi na nimejifunza. Wapo wengi hapa kisiwani wenye tovuti ya duka la vitambaa, ya nyumba ya wageni, ya chuo au ya kikundi cha kina mama, na wote wanauzwa "viungo elfu moja" kila wiki. Naomba wasome kabla hawajatoa pesa.

KIUNGO NI NINI, NA KWA NINI GOOGLE INAKIJALI

Hapa Mombasa ukisema viungo, mtu wa kwanza atafikiria pilau. Viungo vya tovuti ni vingine. Kiungo ni yale maneno yanayobonyezwa kwenye ukurasa mmoja yakakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kiungo kinachotoka kwenye tovuti ya mtu mwingine na kuingia kwako ndicho kinachotafutwa na wenye tovuti, kwa sababu ni mtu mwingine amekutaja.

Habari hii ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walitafuta njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa ubora. Waliiga desturi ya wasomi: kitabu kinachotajwa na vitabu vingi vyenye heshima huhesabiwa kuwa na uzito. Basi na ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi zenye heshima uwe na uzito pia. Hesabu hiyo waliiita PageRank, na mwaka 1998 wakaanzisha kampuni ya Google.

Kwa lugha yetu, kiungo ni ushahidi. Mtu anasimama barazani na kusema, "Fulani namjua, kazi yake nzuri, nendeni kwake." Na kama ilivyo barazani, shahidi si sawa na shahidi. Neno la mzee mmoja anayeaminiwa mtaani linashinda kelele za vijana hamsini waliolipwa. Google nayo inatazama ni nani anayeshuhudia, anashuhudia juu ya jambo gani, na kama jambo hilo linahusiana na shughuli zake. Kiungo kimoja kutoka tovuti ya historia ya Waswahili kinamfaa mpwa wangu kuliko viungo mia kutoka tovuti za kamari.

Tena siku hizi viungo ni sehemu moja tu ya hesabu. Google inatazama mambo mengi: ukurasa unajibu swali la mtafutaji? Unafunguka haraka kwenye simu? Maandishi ni ya mwenyewe au yameibwa? Lakini ushahidi wa wengine bado una uzito wake.

JINSI SEHEMU YA MAONI ILIVYOHARIBIKA

Blogu zilipoanza kuenea, chini ya kila makala kuliachwa nafasi ya msomaji kusema lake. Wanaokumbuka blogu za Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 2000 wanajua utamu wake. Kulikuwa na Jikomboe ya Ndesanjo Macha kwa Kiswahili, kulikuwa na Kenyan Pundit ya Ory Okolloh, kulikuwa na blogu ya Issa Michuzi kule Dar es Salaam, ambapo wasomaji waliitwa wadau na wakati mwingine maneno ya wadau yalikuwa matamu kuliko habari yenyewe.

Kwenye fomu ya maoni palikuwa na nafasi ya kuandika jina, barua pepe na anwani ya tovuti yako. Wajanja wakagundua: kila unapoandika maoni unajipatia kiungo cha bure. Wakaunda programu za kumwaga maoni usiku na mchana, dawa za kulevya, kamari, mikopo, na mambo ambayo sitayataja katika safu hii.

Januari 2005, Google pamoja na Yahoo na MSN walitangaza dawa: alama inayowekwa ndani ya kiungo, iitwayo nofollow, yaani "usifuate". Msomaji anaweza kubonyeza kama kawaida, lakini injini ya utafutaji inaambiwa isikihesabu kiungo kile kuwa ushahidi wa mwenye blogu. WordPress, programu inayotumiwa na tovuti nyingi sana duniani zikiwemo zetu nyingi, ikaanza kuweka alama hiyo kwenye viungo vya maoni bila hata mwenye tovuti kuomba. Mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza nayo ikaiweka kwenye viungo vyake vyote vinavyotoka nje.

Aprili 2012 Google ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti zilizojijenga kwa viungo vya kununua ziliporomoka. Tangu mwaka 2016 mfumo huo unafanya kazi wakati wote, na viungo vya takataka kwa kawaida unavipuuza tu. Septemba 2019 Google ikaongeza alama nyingine mbili: ugc, ya viungo vilivyoandikwa na wasomaji, na sponsored, ya viungo vilivyolipiwa. Ikasema pia kwamba alama hizi zote sasa inazichukua kama dokezo la kuisaidia kuamua, si amri.

Kwa hivyo yule aliyemuuzia mpwa wangu viungo elfu moja alimuuzia kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilikufa mwaka 2005. Ni kama kumuuzia mtu tiketi ya treni iliyoacha kwenda.

Tahadhari moja zaidi. Google ina watu wanaokagua tovuti kwa macho yao, na wakiona umefanya hila kubwa ya viungo wanaweza kukuwekea adhabu. Ukiadhibiwa utaarifiwa ndani ya Search Console, huduma yao ya bure kwa wenye tovuti. Mwenye tovuti ambaye hajajiandikisha huko hata habari ya adhabu haitamfikia kwa njia hiyo.

BASI MAONI YANA FAIDA GANI?

Mpwa wangu aliniuliza hivyo hivyo. "Kama kiungo cha maoni hakihesabiwi, mjomba, si niache tu?"

Nikamwambia: maoni hayakupi kiungo, yanakupa kujulikana. Kujulikana ndiko kunakoleta viungo, na viungo hivyo anaviweka mwenye tovuti kwa mkono wake, ndani ya makala yake, kwa hiari yake. Hivyo ndivyo vinavyohesabiwa.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao hapa hapa Kenya. Mwanzoni mwa Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, Ory Okolloh alikuwa akiandika kwenye Kenyan Pundit. Wasomaji walimletea habari za kilichotokea mitaani kwao, na blogu ikawa mahali pa kukusanya yale yasiyosemwa redioni. Akatoa wazo: je, wapo mafundi wa kompyuta wanaoweza kuweka matukio haya kwenye ramani? Watu waliokuwa wakisomana kwenye blogu, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, wakaitikia. Kwa siku chache tu ikazaliwa tovuti ya kupokea taarifa za ghasia na kuzionyesha kwenye ramani. Jina walilolichagua ni neno letu: Ushahidi.

Ushahidi ilikuja kutumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010 na katika nchi nyingine nyingi. Magazeti na vyuo vikuu duniani vimeiwekea viungo visivyo na idadi. Hakuna aliyevinunua. Watu walikuwa wamezoea kusomana na kujibizana kwa majina yao, wakaaminiana, na siku ya haja ilipofika wakaitana.

Sisi hatujengi Ushahidi ya pili. Lakini mwendo ni ule ule, hata kama unauza mikoba ya ukili.

NYUMBA YAKO KWANZA

Kabla hujaenda kwa watu, tazama una nini cha kuonyesha. Tovuti ya mpwa wangu ilikuwa na kurasa tatu: bei, picha, na nambari ya simu. Nani atawekea kiungo ukurasa wa bei?

Watu hutaja kitu kinachowafaa wasomaji wao. Tulikaa naye wiki mbili tukaandika kurasa nne mpya. Ya kwanza ni jinsi ya kuvaa na kujistahi ukipita mitaa ya Waislamu, na saa zipi si za kupiga picha karibu na misikiti. Ya pili ni maana ya majina ya mitaa. Ya tatu inaeleza nakshi za milango. Ya nne inajibu maswali ambayo wageni humuuliza kila siku kuhusu Fort Jesus: ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Vitu anavyovisema kila siku kwa mdomo, tulivitia maandishini tu.

Kama una duka la vitambaa Biashara Street, andika namna ya kuijua leso nzuri na namna ya kuifua isichuje. Kama unauza halua, eleza inavyokorogwa. Ukurasa mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko matangazo kumi.

HATUA KWA HATUA

1. Tafuta baraza linalokuhusu. Orodhesha tovuti kumi au kumi na tano zinazoandika mambo yaliyo karibu na yako: historia ya pwani, mapishi, safari, ujenzi wa kale, Waswahili wa Oman na Uingereza. Chagua zilizo hai. Makala ya mwisho ni ya lini? Mwenyewe huwajibu wasomaji? Pakiwa pamejaa takataka, pita. Hapo hakuna mwenye nyumba.

2. Soma kabla ya kusema. Soma makala yote, kisha soma maoni yaliyotangulia. Mtu akifika barazani hakatizi mazungumzo. Hutoa salaam, hukaa, husikiliza wamefika wapi.

3. Tumia jina lako. Kwenye nafasi ya jina andika jina, si "Ziara Bora Mombasa Bei Nafuu". Mwenye blogu akiona jina la biashara lililojazwa maneno ya kutafutwa anafuta bila kusoma. Barua pepe iwe ya kweli, na jina liwe hilo hilo kila mahali ili watu wakuzoee.

4. Leta kitu. Maoni yenye faida hufanya moja katika manne: yanaongeza jambo, yanasahihisha kosa kwa upole, yanauliza swali la maana, au yanatoa ushuhuda wa ulichokiona mwenyewe. "Makala nzuri, endelea hivyo" ni adabu, lakini hakuna atakayekukumbuka kwayo.

5. Kiungo kikae mahali pake. Kama fomu ina nafasi ya tovuti, kiweke hapo, basi. Ndani ya maneno usiweke, isipokuwa pale mtu ameuliza jambo na ukurasa wako unalijibu hasa. Hapo weka kimoja, na useme wazi kwamba ni chako. Ukimsifu "fundi mmoja hodari niliyekutana naye", kumbe fundi ni wewe, huo ni uongo tu, hata ukipakwa rangi.

6. Rudi. Ukijibiwa, jibu. Anayetupa neno na kukimbia anajulikana.

7. Usiwe na pupa. Maoni mawili au matatu kwa wiki, yaliyoandikwa kwa utulivu, yanatosha. Ukiandika ishirini kwa siku, basi hata wewe umekuwa mashine.

8. Kisha, na si kabla, mwandikie mwenye tovuti. Baada ya miezi miwili mitatu mnajuana. Mpe kitu: picha uliyopiga mwenyewe, habari aliyoikosa, au mwambie kiungo fulani kwenye makala yake kimekufa na ukurasa wake haufunguki. Kama unao ukurasa unaoweza kuziba pengo, mtajie, uamuzi umuachie. Akikataa, mshukuru.

9. Andika kwenye daftari. Tarehe, mahali, ulichosema, ulichojibiwa. Kila mwezi fungua Search Console utazame nani amekuwekea kiungo na watu wanakutafuta kwa maneno gani.

Na jambo la sheria, kwa ufupi. Mwenye blogu ana mzigo wa kile kinachoandikwa kwake. Tanzania ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, wenye blogu walitakiwa kuwa na leseni na kuwajibika kwa yaliyomo. Hapa Kenya tuna sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, iliyotungwa ikiwa na vifungu kuhusu kueneza habari za uongo. Kwa hivyo usishangae maoni yako yakichelewa kutokea kwa sababu yanasomwa kwanza. Na usimwandikie mtu jambo ambalo huwezi kulisema mbele ya kadamnasi.

MFANO MMOJA

Tuseme mtalii ameandika kwenye blogu yake kwamba Ndia Kuu ya Mombasa imepewa jina la mtu aliyekuwa akiitwa Ndia. Maoni mabaya yangekuwa: "Makala safi! Tembelea tovuti yetu kwa ziara za bei poa."

Mpwa wangu alikutana na kosa kama hilo, na aliandika hivi, nami nimelifupisha: "Ahsante kwa matembezi haya, umeiona vizuri ile milango. Naomba kusahihisha jambo dogo. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Ndia ni njia kwa Kimvita, lugha yetu ya Mombasa. Penye nj sisi husema nd, kama ndoo kwa njoo. Kwa hivyo Ndia Kuu ni njia kubwa tu, si jina la mtu. Ulipita asubuhi au jioni? Jioni inakuwa na sura nyingine."

Hakutia kiungo. Jina lake lilitosha. Mwenye blogu alirekebisha makala, akamuuliza majina mengine yana maana gani, na mpwa wangu akamwambia ameyaandika kwenye ukurasa wake. Wiki iliyofuata makala ile ilikuwa na mstari mpya: maelezo ya majina tumeyapata kwa mwenyeji wa Mji wa Kale, na hapo pana kiungo. Ndani ya makala, si chini kwenye maoni.

UKISHAHARIBU

Je, ile takataka ya viungo elfu moja? Tulimtaka mtaalamu atoe orodha ya mahali alipoandika. Akatoa nusu, kisha simu yake ikawa haishikwi. Tukazipata nyingine kwenye ripoti ya viungo ya Search Console.

Google inayo zana ya kuiomba isivihesabu viungo fulani, iliyotolewa mwaka 2012, lakini wenyewe wanashauri isitumiwe ovyo. Ni ya anayejua amenunua viungo vingi, na ameadhibiwa au anahofia ataadhibiwa. Mpwa wangu hakuwa ameadhibiwa. Basi kazi iliyobaki ilikuwa ya kibinadamu: kuomba radhi. Aliandika barua thelathini na moja kwa wenye blogu waliokuwa na anwani. Alisema ni kosa lake, hakumsingizia aliyemlipa, akaomba maneno yale yafutwe. Wengi hawakujibu. Wachache walimshukuru. Yule mzee wa Zanzibar alimpigia simu mwenyewe. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, yamekwisha. Lakini siku nyingine mtu akikufungulia mlango, vua viatu."

KWA VIJANA WANAOLIPWA KUANDIKA

Najua wapo vijana wetu ambao upande wao ni ule mwingine: wao ndio wanaolipwa shilingi chache kwa kila maoni, chini ya majina kumi ya kubuni. Kazi ni adimu na sitaki kumhukumu mtu na tumbo lake. Lakini yule anayepima nusu kilo na kuiita kilo, soko zima la Marikiti linamjua jina lake la kweli. Ghushi ni ghushi, iwe kwenye mizani au kwenye skrini. Na ujuzi huo huo wa kuandika na kutafuta unauzika kwa halali: kuna maduka chungu nzima kisiwani humu yasiyokuwa na hata ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri. Nenda ukawaandikie.

TULICHOKIPATA

Sitawadanganya kwamba mpwa wangu ametajirika. Baada ya miezi minane ana viungo vitano vya halali: kimoja cha yule mtalii, viwili vya blogu za mapishi, kimoja cha tovuti ya wanafunzi wa ujenzi, na kimoja cha Mswahili mwenzetu aliyeko Muscat ambaye hakuwahi kuonana naye. Lakini wageni wanampigia simu wakisema, "Tumesoma maelezo yako ya milango." Hawaulizi tena bei kwanza.

Na kuna jambo kubwa kuliko biashara ya kijana mmoja. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Intaneti ya nchi hii imeingia kwa mlango wetu. Lakini tafuta leo habari za Mji wa Kale, za nyumba alizojenga babu yako, uone ni mara ngapi anayezieleza ni mpita njia aliyekaa siku mbili. Si kosa lake. Yeye ameandika, sisi tumenyamaza. Kila ukurasa wa kweli tunaouandika, na kila neno la adabu tunalolisema kwenye baraza za watu, linamrudisha mwenyeji kwenye kiti chake.

Kwa hivyo siku mtaalamu atakapokuja na viungo vyake elfu moja, muulize swali moja tu: mtaniandikia wapi, na kwa jina la nani? Akishindwa kujibu, mpe kahawa, mshukuru, na pesa zako zibaki mfukoni.